Achari ya Ng'ombe

Rukia alikuwa anamenya viazi mlangoni mwa jiko aliposikia pikipiki ya mwanawe inarudi mapema. Kwa kawaida Jafari akishashusha maziwa kituoni huzunguka Kwai yote akitafuta abiria, na nyumbani haonekani mpaka njaa imkumbushe. Leo alikuja moja kwa moja, akazima pikipiki uani na kushuka bila salamu. Dumu la maziwa lilikuwa bado limefungwa nyuma kwa mpira, na kwa jinsi alivyolishusha Rukia alijua kwamba halikumwagwa hata tone.

"Yamekataliwa," Jafari alisema.

"Yameganda?"

"Afadhali yangeganda. Alen anasema yana maji."

Kisu kilisimama mkononi mwa Rukia. Alen ndiye kijana aliyepokea maziwa ya kikundi pale kituoni. Alikuwa mpole, hana ugomvi na mtu, na hakuwa na sababu ya kuwazulia jambo.

"Mbele ya watu?" Rukia aliuliza.

"Foleni nzima, mama. Wameletewa mashine mpya wiki hii, unatia maziwa kidogo, inasoma yenyewe. Akapima mara ya kwanza, akapima tena. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini nitoe dumu langu pembeni. Sauti ya chini yenyewe ndiyo iliyowafanya wote wanyamaze wasikilize."

Twaha, mume wa Rukia, alitoka chumbani akifunga vifungo vya shati. Alikuwa amesikia yote. Alilizunguka dumu, akafungua kifuniko, akachungulia ndani kana kwamba maji yangejitenga na maziwa ayaone kwa macho. Kisha alimtazama mwanawe, wala hakumwuliza kitu.

"Baba, mimi nalipokea likiwa limefungwa."

"Nani alikuuliza?"

"Nakuambia tu."

"Asiyekuwa na kosa hajitetei kabla ya kuulizwa." Sauti ya Twaha ilianza kupanda. "Nyumba hii ina watu wangapi wenye tabia ya njia za mkato? Viazi vyangu ulivyokwenda kuviuza Mombo ukarudi na hadithi ya kuibiwa, nilisahau?"

Jafari aliinamisha kichwa. Hilo la viazi lilikuwa kweli, na ingawa lilikuwa la siku nyingi, lilikuwa halijawahi kuzikwa.

Zuhura alitokea zizini wakati huo, mikono imejaa pumba. Alimkuta baba yake amesimama juu ya dumu, mama yake na kisu, kaka yake na kofia ngumu kifuani. Alipoelezwa, alifungua mdomo, akaufunga, kisha akasema taratibu, "Mashine hizo nazo hukosea. Zinatakiwa zirekebishwe mara kwa mara."

"Umesikia?" Twaha alimgeukia Jafari. "Mwenzako aliyesoma anatafuta namna ya kukusetiri. Wewe umekaa kimya."

*

Maziwa ya nyumba hiyo yalikuwa yamewapa jina. Zuhura alirudi kutoka chuo kikuu na digrii ya mifugo, akakaa nyumbani akisubiri kazi, na kazi ikakataa kuja. Akawa anashika jembe kama waliobaki. Watu wa vilimani wana adabu, hawakumcheka machoni, lakini maneno yalikuwa yanamfikia: digrii ya kupalilia karoti. Twaha yalimfikia zaidi, kwa sababu alikuwa ameuza shamba la bondeni, lenye maji mwaka mzima, ili binti huyo asome.

Ndipo Zuhura akachimba shimo. Alikatakata mabua mabichi na majani ya tembo, akayanyunyizia molasi, akayakanyaga shimoni na kuyafunika kwa nailoni na udongo. Alisema inaitwa saileji, chakula cha kiangazi. Majirani wakaita achari ya ng'ombe. Shimo lilipofunguliwa harufu yake ilifika barabarani, na wapo waliosema ng'ombe wao ataharibika tumbo afe. Hakufa. Baada ya siku chache maziwa yaliongezeka, yakaendelea kuongezeka, na dumu ambalo zamani lilikuwa linafika katikati likawa linajaa mpaka shingoni.

Kuanzia hapo Twaha alibadilika hata mwendo. Msikitini alikuwa wa mwisho kuondoka, maana kila mtu alitaka kumwuliza. Mzee Fanueli, mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, alileta wageni kutoka Lushoto mjini, wakampiga picha Zuhura amesimama kando ya shimo lake. Jirani yao wa chini, Sharifa, mjane mwenye ng'ombe mmoja na shamba moja la mahindi, alikuja mara mbili kuangalia jinsi lilivyochimbwa, na sasa alikuwa amechimba lake.

Kwa hiyo Jafari alipotajwa kwamba anatia maji, kila mtu aliona inaingia akilini. Dada yake alete neema, yeye aichafue. Nani angetarajia kinyume chake? Jafari aliachia shule kidato cha pili. Alikuwa na maneno mengi, alijua kubembeleza abiria na trafiki, na mtu wa namna hiyo watu wa kwao humwita mjanja, neno ambalo hutamkwa huku mkono ukikagua mfuko.

Hata Rukia alikuwa na dukuduku lake. Sukari ilikuwa inaisha ovyo nyumbani kwake. Ananunua, anaifunga, anaiweka juu ya kabati, na kabla ya mwisho wa wiki anakung'uta karatasi tupu. Alikuwa amekwisha kumwuliza Jafari kama anawanywesha chai wenzake wa kijiweni kwa sukari ya mama yake. Jafari alicheka tu.

Sasa kile kicheko kilimrudia, akakiona kibaya.

*

Jioni ile Twaha alimtaka mwanawe akiri. Aliuliza kwa Kiswahili, na alipokasirika sana Kiswahili kilimkimbia akamalizia kwa Kishambaa, ambacho ndani yake hakuna pa kujificha. Maziwa anayouza pembeni anamuuzia nani? Maji anachota wapi? Jafari alijibu neno lile lile: alipokea dumu limefungwa, alifikisha limefungwa.

"Basi ni nani?" Twaha alifoka. "Ni mimi? Ni mama yako? Au ni huyu mwenye digrii, ambaye maziwa yenyewe ameyaleta yeye kwa akili yake? Atatia maji kwa faida gani?"

Zuhura alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa anaviringisha ncha ya kanga yake kidoleni, anaikunjua, anaiviringisha tena.

"Zuhura," Jafari alisema. "Sema basi."

"Niseme nini?"

Jafari alimtazama dada yake kwa muda. Kisha akaingia chumbani, akatoka na begi, akamwamkia mama yake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. "Shikamoo, mama." Akawasha pikipiki. Walisikia mlio wake ukishuka kona baada ya kona kuelekea Soni, mpaka ukamezwa na mlima. Baadaye walisikia yuko Mombo, anabeba abiria wanaoshuka kwenye mabasi ya barabara kuu, analala kwa rafiki.

"Aende," Twaha alisema. "Tutaona maji yataingia vipi."

*

Asubuhi iliyofuata Twaha alibeba maziwa mwenyewe kwa miguu. Alen aliyapima, yakapita. Siku ya pili yakapita tena. Twaha alirudi nyumbani ameinua kidevu.

"Umeona? Mwizi ametoka, maji yameisha."

Rukia aliona. Ila aliona na kitu kingine, ambacho mumewe hakukiona kwa sababu yeye alikutana na dumu likiwa tayari limefungwa. Dumu halikujaa. Lilifika katikati na kidogo juu yake, kama zamani.

Aliliwaza hilo akiwa anafua, akaliwaza akiwa anapalilia. Kama Jafari alikuwa anatia maji njiani, dumu lingetoka nyumbani nusu na kufika kituoni limejaa. Lakini dumu lilikuwa linajaa hapa hapa. Yeye mwenyewe, Rukia, alikuwa ameliona limejaa mpaka shingoni, limewekwa kizingitini kusubiri pikipiki, na zaidi ya mara moja alikuwa amesema "Mashaallah" kwa kuliona. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa ajili ya maji.

Alikwenda kwenye kabati. Sukari aliyoinunua siku Jafari alipoondoka ilikuwa karibu vile vile. Kwa dakika moja alifurahi, akidhani amempata mwizi wa sukari. Kisha furaha ile ikampotea. Siku nyingi za wiki zile Jafari alikuwa amelala kwa wenzake, akija asubuhi kuchukua dumu tu, na sukari iliisha vile vile. Ni nani aliyekuwa anaamka kabla ya wote, anawasha moto, anakamua, anachuja, anafunga?

Mambo mengine mtu huyajua mwili ukiwa umetangulia. Rukia alijikuta amekwishatembea mpaka nyuma ya zizi, na maneno hajayapanga.

Zuhura alikuwa shimoni, anatoa saileji kwa uma na kuitia kwenye karai. Kwa juu ilikuwa na ukungu mweupe, na chini yake nyeusi iliyolowa.

"Zuhura."

"Abee, mama."

"Dumu lilikuwa linajaa hapa nyumbani. Kabla Jafari hajalichukua."

Uma ulisimama. Zuhura hakugeuka. Akaanza kueleza kuhusu msimu wa maziwa ya ng'ombe, jinsi yanavyopanda na kushuka, akataja maneno ya kitabuni mawili matatu, sauti yake ikawa ile aliyozungumza nayo na wageni wa Lushoto. Rukia alimwacha amalize.

"Na sukari?"

Hapo Zuhura aliketi juu ya udongo uliochimbwa, akaziba uso kwa mikono yenye harufu ya achari.

*

Ilikuwa kweli mwanzoni, alisema. Lazima mama amwamini hapo. Wiki za kwanza maziwa yaliongezeka, na hakuna aliyetia kitu. Halafu, siku chache baada ya wale wageni kuja na kamera, yakaanza kushuka. Yalishuka mpaka pale pale yalipokuwa, na baadaye chini kidogo ya hapo.

"Ungesema yameshuka."

"Ningemwambia nani? Baba alikuwa amewatangazia watu wote. Mzee Fanueli alikuwa amesema nitafundisha vijiji vingine. Mama, hukuwasikia walivyokuwa wananisema tangu nirudi?"

"Niliwasikia. Mimi nilisemwa pamoja na wewe."

"Nilifikiri nitajazia siku mbili tatu tu, huku nikitafuta kosa. Kosa sikulipata. Ikawa siku zote."

"Chuoni walikufundisha hivyo?"

Zuhura alifikiri, na ilionekana anafikiri kweli, hatafuti pa kutokea. "Hawakutufundisha. Ila tulikuwa tukifanya jaribio likakataa, tunabadilisha matokeo yafanane na ya kitabuni. Wote. Aliyeandika alichokiona alipata alama ndogo. Mimi nilikuwa napata kubwa."

Rukia aliketi pia. "Maji nayaelewa. Sukari ya nini?"

"Kile kipimo chao cha zamani, cha kioo kinachoelea. Ukitia maji, maziwa yanakuwa mepesi, kinazama. Ukiyeyusha sukari kidogo ndani ya yale maji, uzito unarudi. Kinaelea kama kawaida."

"Na hilo ulifundishwa wapi?"

"Si popote." Zuhura alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nililifikiria mwenyewe."

Rukia alimtazama binti yake kwa mshangao ambao hakuupenda, maana ndani yake kulikuwa na chembe ya kitu kama fahari. Shamba la bondeni liliuzwa, miaka ikapita, mkopo ukachukuliwa juu yake, na kitu pekee ambacho mtoto huyu alikibuni kwa kichwa chake, bila kitabu, kilikuwa hiki: namna ya kudanganya kipimo. Kumbe akili ilikuwepo. Ilikuwa inakaa humo ndani muda wote, na ilipotumwa kazi ya kwanza ilitumwa kuiba.

"Na kaka yako ulimwacha aondoke."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Zuhura, lakini Rukia aliyatazama machozi hayo kwa shaka vile vile, akipima kama ni ya kweli. Tangu siku hiyo ikawa hivyo kwa muda mrefu. Binti akisema amelisha ng'ombe, mama alikwenda kutazama hori.

Kisha upepo ukabadilika, ukaleta kutoka chini sauti ya panga likikata kitu kibichi. Zuhura aliinua uso.

"Mama mkubwa Sharifa," alisema. "Alisema leo anakata mahindi yake. Ya kutia shimoni."

*

Rukia alishuka mteremko akishika vichaka, kandambili moja ikakatika akaiacha. Shamba la Sharifa lilikuwa pale kijito kinapopita. Mahindi yake yalikuwa yamebeba vizuri mwaka huo, ndevu zimeanza kukauka, punje bado zina maji meupe kama maziwa. Wiki chache tu yangekuwa chakula. Lakini kwa shimo yanatakiwa yakatwe hapo hapo, bado mabichi, na Sharifa alifanya kama alivyoelekezwa na mwenye elimu yake. Upande mmoja wa shamba ulikuwa umelala wote.

"Dada Sharifa! Acha! Acha kwanza!"

Sharifa alisimama, panga mkononi, jasho likimshuka. "Kuna msiba?"

Kwa nukta moja Rukia alitamani uwepo. Msiba una maneno yake, kila mtu anayajua. Alitafuta namna ya kulisema jambo hili bila kumtaja mtoto wake, akaona haipo. Akasema. Alisema maziwa hayakuongezeka. Alisema yalikuwa maji, na mtiaji hakuwa Jafari.

Sharifa alimsikiliza mpaka mwisho. Alilitazama shamba lililosimama, akalitazama lililolala.

"Mimi sikusoma," alisema. "Ndiyo maana nilimwamini. Angekuja Jafari akaniambia nikate mahindi yangu mabichi niyafukie ardhini, ningemfukuza kwa panga hili hili."

Zuhura alikuwa amefika, amesimama nyuma ya mama yake. "Shikamoo, mama mkubwa."

Sharifa hakuitikia. Kwenye milima ile mtu mzima asipoitikia shikamoo, hana tena la kukuambia. Zuhura alibaki ameinamisha kichwa, akisubiri kitu ambacho hakikuja, mpaka mama yake akamshika mkono wakaondoka.

*

Twaha hakuamini. Mkewe alipomweleza alisema Jafari amewalisha maneno kwa simu. Zuhura alipomweleza kwa mdomo wake mwenyewe, alisema mtoto anajitoa kafara kumwokoa kaka yake. Ikabidi Zuhura achukue kikombe cha maziwa, maji na sukari, amwonyeshe alivyokuwa akichanganya. Baada ya hapo Twaha alikaa uani mchana kutwa, na kila aliyepita njiani akamsalimu alijibu akiwa anatazama pengine.

Mkutano wa kikundi ulifanyika kituoni. Zuhura alisimama mbele, akasema alichofanya, maneno machache, bila ile sauti aliyowatolea wageni wa Lushoto. Mzee Fanueli alisema nyumba hiyo itasimamishwa kuleta maziwa mpaka kikundi kitakapoamua vingine, na kwamba shimo la Zuhura lisitajwe tena kwenye barua zao. Hilo watu walilitegemea. Ambalo Rukia hakulitegemea ni furaha. Ilianza nyuma, mtu mmoja akacheka puani, kisha mwingine akasema, "Ndiyo matunda ya vyuo vikuu hayo," na mwanamume mmoja aliyemwoza binti yake kabla hajamaliza shule aliitikia kwa sauti kwamba yeye aliliona hilo zamani. Shule haimpi mtu akili, alisema. Inampa ulimi.

Rukia hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni. Alisimama.

"Mwanangu amewadanganya, mmemwadhibu, sina neno," alisema. "Lakini nyie mnaofurahi, niambieni. Yule asiyesoma tulimfukuza sisi, na nyie mkatuunga mkono. Hakuna aliyemwuliza. Tulitazama tu nani ana cheti na nani hana, kesi ikaisha. Mimi niliishia darasa la saba. Ujinga ule nao nimeusomea wapi?"

Alen alijifanya anafuta mashine yake.

*

Kesho yake walipanda gari la Mombo, Rukia na mumewe. Walipofika chini, kwenye joto na vumbi la barabara kuu, Twaha alionekana mzee kuliko alivyokuwa kule juu. Jafari walimkuta kivulini kwa wauza machungwa, ameegemea pikipiki.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba," Twaha alisema. Akakohoa. "Tumejua."

"Mmejua nini?"

"Kwamba hukuwa wewe."

Jafari alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilijua tangu siku ile. Nilipomwambia aseme, akaniuliza aseme nini. Nikajua."

"Kwa nini hukumtaja?" mama yake aliuliza.

"Ningemtaja, mngemwamini nani?"

Twaha alitazama malori yakipita. Alikuwa amejitayarishia maneno ya kumwomba mwanawe radhi, Rukia alijua, kwa sababu alimsikia akiyanong'ona alfajiri. Sasa hayakutoka. Alichoweza ni kumwambia Jafari kwamba chumba chake kiko vile vile. Jafari alishukuru, akasema atapanda Idi ikifika. Alikuwa anapata abiria huku, alisema, na huku hakuna aliyejua habari za viazi.

Mama yake alipomkumbatia, Jafari alinong'ona, "Mwambie Zuhura sijamkasirikia." Kisha akafikiri, akasema, "Hapana, usimwambie. Bado."

*

Mahindi ya Sharifa yaliyokatwa yalikuwa yanaanza kunyauka. Zuhura alikuwa ameahidi kumlimia msimu mzima, na alikuwa anakwenda kila siku, analima, anaondoka, na shikamoo yake haiitikiwi. Siku moja alisimama kando ya yale mahindi yaliyolala. Rukia alikuwa hapo, alikuwa ameanza kumfuata kila anakokwenda.

"Mama mkubwa," Zuhura alisema, "haya yakikaa hivi yataoza. Yakiingia shimoni huenda yakafaa."

Sharifa alicheka, kicheko kikavu. "Huenda?"

"Huenda. Shimo langu nadhani lilikuwa linapitisha hewa. Mabua hayakukatwa madogo, na sikukanyaga vya kutosha, nilikuwa na haraka. Nadhani. Labda ni kitu kingine."

"Safari hii una uhakika?"

Rukia alimfahamu binti yake, aliijua sauti itakayokuja, ile yenye maneno ya kitabuni.

"Sina," Zuhura alisema.

Sharifa alimkazia macho kama mtu anayekagua noti kwenye mwanga. Kisha akachukua panga, akalisukuma kwa mpini kuelekea kwa msichana.

"Basi kata madogo," alisema. "Mimi nitakanyaga. Miguu yangu naiamini."

Walifanya kazi siku mbili, wanawake watatu, Rukia na Zuhura wakikatakata, Sharifa akienda na kurudi shimoni kama anayecheza ngoma ya peke yake. Walifunika, wakaweka mawe. Kiangazi kilipokolea walifungua. Tabaka la juu lilikuwa limeharibika, wakalitupa. La chini lilikuwa la rangi ya zeituni, na harufu yake ilikuwa kali lakini safi. Ng'ombe wa Sharifa alinusa, akageuka, akarudi, akala.

Maziwa yake yaliongezeka kidogo. Si ya kuitia wageni. Kikundi kilikuwa kimekwisha kuirudisha nyumba ya Twaha, baada ya maziwa yake kupimwa kila siku mbele ya watu, na Alen aliyapima ya Sharifa kwenye mashine yake akasema hayana kitu ndani ila maziwa. Twaha alipopata habari hizo alimwita binti yake uani. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa tena, na Rukia aliyeketi karibu aliuogopa mng'ao ule.

"Kwa hiyo ni shimo," Twaha alisema. "Shimo limefanya kazi. Niwaambie watu?"

"Usiwaambie kitu, baba."

"Kwa nini? Maziwa hayakuongezeka?"

"Yameongezeka. Lakini mvua ndogo nayo ilinyesha wiki ile, kukaota majani mabichi kando ya kijito, na ng'ombe alikuwa anapelekwa huko. Inaweza kuwa shimo. Inaweza kuwa mvua. Sijui."

"Hujui?" Twaha alipandwa na hasira. "Shamba la bondeni lote lile, unakuja kuniambia hujui?"

"Sijui, baba. Mwakani tutamfungia zizini, tujue."

Twaha alisonya, akachukua kofia yake, akaenda zake msikitini. Zuhura alishika ndoo, akaelekea zizini kukamua ya jioni. Rukia alinyanyuka nusu, kama alivyokuwa akifanya miezi yote ile, ili amfuate asimame mlangoni. Kisha akaketi tena, akavuta sinia la maharage, akaendelea kuchagua.